Bi Pimbi na Mashine Tatu za Kiboko

Paukwa.

Nimesema paukwa. Itikieni, msinitazame hivyo.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa jiko, pakawa chungu, pakawa na kahawa ndani ya chungu.

Na mwenye chungu yukoje?

Amenuna.

Haya, mmeitikia vizuri. Najua ngano haisimuliwi mchana. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kwamba anayesimulia mchana huota pembe. Leo na niote pembe, sijali, maana hasira yangu haiwezi kungoja jua lizame. Huyu Eliamani, mwanangu wa kumzaa, ameketi hapo tangu asubuhi na simu yake, anatuonyesha picha za mashine za kahawa ya vidonge. Anataka nyumba nzima tuchague: hii ndogo, hii ya kati, au hii kubwa inayotoa povu la maziwa. Tuko watu kumi na tisa humu ndani, na nyuma ya nyumba kuna mibuni aliyoipanda baba yake. Sitamjibu. Nitasimulia habari za wanyama tu, na mwenye masikio na asikie.

Hapo kale, juu ya mlima, kwenye mwamba mkubwa, aliishi Pimbi na ukoo wake. Mnamjua pimbi. Mdogo kama sungura, hana mkia, hana pembe, hana mabavu. Ana meno mawili ya mbele na macho ambayo hayapitwi na kitu. Nyumba ile ilikuwa na vinywa arobaini na kimoja. Alikuwamo Baba Pimbi, mwenye nyumba. Alikuwamo mama yake, Bibi Mkongwe, ambaye hakuna aliyekunywa kabla yake. Na alikuwamo Bi Pimbi, mke wa Baba Pimbi, aliyepika kahawa kila asubuhi.

Alipikaje? Alichuma buni zilizoiva kwenye mibuni kumi na miwili ya Bibi Mkongwe. Akazianika, akazitwanga, akazikaanga, akazisaga, akazichemsha katika chungu kimoja cheusi. Chungu kikichemka, aliteka kikombe, akanywa funda moja mbele ya macho ya wote, akameza, akasema, "Ni salama." Hiyo ndiyo ilikuwa mila ya mlima ule. Mwenye chombo huonja kwanza. Chombo kimoja, funda moja. Na kuonja si kulamba, kuonja ni kumeza. Hapo ndipo Bibi Mkongwe hunywa, kisha wakubwa, kisha watoto wakamalizia na mashapo yao wakafurahi.

Sasa chini mtoni aliishi Kiboko. Kiboko alikuwa na nguvu kubwa, na mdomo mkubwa, na tamaa iliyoushinda mdomo.

Siku moja Kiboko alipanda mlimani, gudu, gudu, gudu. Akafika kwa Kanga. Akasema, "Shemeji, nimekuletea mashine ya kahawa. Bure." Kanga akapokea.

Akaenda, gudu, gudu, gudu. Akafika kwa Digidigi. Akasema, "Shemeji, nimekuletea mashine ya kahawa. Bure." Digidigi akapokea.

Akaenda, gudu, gudu, gudu. Akafika kwa Nungunungu. Akasema, "Shemeji, nimekuletea mashine ya kahawa. Bure." Nungunungu naye akapokea, na yeye ana miiba mwili mzima.

Bure, jamani. Mimi neno hilo likiingia mlangoni, huwa natafuta fimbo. Mashine ilikuwa bure, lakini ilikula nini? Haikula buni. Haikula unga wa kahawa. Ilikula kidonge, kikopo kidogo kilichofungwa kahawa ndani, na kidonge kilipatikana kwa Kiboko peke yake, na Kiboko hakukitoa mpaka umempelekea kapu la buni mbivu. Msimu haujaisha, mibuni ya mlima mzima ikawa inachumwa na kushushwa mtoni. Vyungu vya kahawa vikapikiwa maharage.

Bi Pimbi hakuyajua hayo mpaka siku aliyokwenda kumtazama Kanga, ambaye alikuwa ametotoa. Alikuta vifaranga vinaparura chini ya mibuni, mibuni yenyewe mitupu, haina hata buni moja. Kanga akamwekea kikombe kidogo. Bi Pimbi akanywa, akanywa tena.

"Shoga," akasema, "hii kahawa ni ya ule mbuni wako wa karibu na kisima. Naijua ladha yake."

Kanga akatazama pembeni. "Ni yenyewe. Nilimpa kapu, naye amenirudishia kikopo."

"Na kapu lingine?"

"Sina kapu lingine. Hicho unachokunywa ndicho kilikuwa cha mwisho. Nilikuwa nimekiweka akiba ya mgeni."

Hasira ikampanda Bi Pimbi. Ilianzia kwenye nyayo, ikapita tumboni, ikapanda mpaka kwenye sharubu. Kumnywesha mtu kahawa yake mwenyewe kwa hisani! Akamuaga Kanga kwa adabu, akarudi nyumbani anakanyaga ardhi kwa visigino.

Nyumbani akakuta nini? Alimkuta Baba Pimbi ameketi kibarazani, anatabasamu peke yake.

"Mama Watoto," akasema Baba Pimbi, "kesho tuna mgeni. Kiboko anatuletea mashine tuchague. Zipo za aina tatu. Mimi naipenda ile nyekundu."

"Umemkaribisha?"

"Nimemkaribisha. Kila nyumba inayo, sisi tu ndio tunapuliza moto mpaka macho yanatutoka. Nakuonea huruma wewe."

"Na buni za mama yako?"

"Atazichukua kidogo tu."

Hasira ikampanda Bi Pimbi. Ilianzia kwenye nyayo, ikapita tumboni, ikapanda mpaka kwenye sharubu. Lakini hakupiga kelele, na nyie mnaonijua mimi mnajua kwamba mwanamke wa namna hiyo akinyamaza ni afadhali uhame. Akasema tu, "Sawa, Baba Watoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mashine ya nyumba huchaguliwa na nyumba. Kesho wote arobaini na mmoja tutakuwepo, na majirani nitawaita."

Asubuhi Kiboko akaja, gudu, gudu, gudu. Amebeba mashine tatu, na gunia la vidonge, na mgongoni amefunga paneli ya sola, maana mashine zile hazikuwaka bila umeme. Ikabidi asimame katikati ya uwanja, juani kabisa. Kanga, Digidigi na Nungunungu walikuwa wameketi ukingoni, hawamtazami usoni.

Kiboko akaanza kuzisifu. "Mabibi na mabwana, hii ndogo ni ya mtu na mkewe. Hii ya kati, nyekundu, ni ya familia. Hii kubwa inatoa na povu la maziwa, ni ya watu walioendelea. Habari ya chungu kimoja watu wote imepitwa na wakati. Hapa kila kidonge ni chungu chake. Kimefungwa peke yake, kinapikwa peke yake, hakijui habari za mwenzake."

"Rudia hapo," akasema Bi Pimbi.

"Kila kidonge ni chungu chake," akasema Kiboko.

"Mmesikia?" Bi Pimbi akawauliza majirani. Wakasema wamesikia. "Basi, Bwana Kiboko, sisi hatuchagui kwa macho. Tunywe kwanza. Utatunywesha wote?"

Kiboko akacheka, mwamba ukatikisika. Alikuwa ameshaiona mibuni ya Bibi Mkongwe, kumi na miwili, imeinama kwa buni nyekundu, na mate yalikuwa yanamjaa. "Siondoki hapa mpaka kila mwenye meno katika nyumba hii amekunywa kahawa ya mashine yangu."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, mimi Kiboko, nisichume tena buni ya mlima huu. Buni zote nilizonazo zirudi kwa wenyewe."

"Na ukiweza?"

"Nikiweza, mibuni hii kumi na miwili ni yangu, na miche yake."

Baba Pimbi akataka kusema kitu. Bi Pimbi akamkanyaga mguu. "Tumekubali," akasema. "Anza na Bibi."

Kiboko akaweka kidonge kwenye mashine ndogo, taf. Mashine ikanguruma, ngrrrr. Ikatema, tsi, tsi, tsi. Kikombe kikajaa, na kikombe chenyewe kilikuwa sawa na ganda la yai la Kanga. Akampelekea Bibi Mkongwe. Bibi Mkongwe hakunyoosha mkono.

"Mwenye chombo huonja kwanza," akasema Bibi Mkongwe.

Kiboko hakuwa na neno na hilo, maana kahawa aliipenda. Akafungua mdomo. Mnaujua mdomo wa kiboko, mlango wa ghala. Akamimina, gubu.

"Umeonja?" akauliza Bi Pimbi.

"Nimeonja."

"Umemeza?"

"Nimemeza. Ni salama."

"Kikombe kina nini?"

Kiboko akachungulia. "Ki tupu."

"Na Bibi amekunywa?"

"Bado."

"Basi weka kingine."

Kiboko akaweka kingine, taf. Ngrrrr. Tsi, tsi, tsi. Akampelekea Bibi Mkongwe. "Haya sasa, mama, kunywa. Nimeshaonja."

"Umeonja kile," akasema Bi Pimbi. "Hiki hujakionja."

"Kahawa si ni ile ile?"

"Wewe mwenyewe umesema mbele ya majirani kwamba kila kidonge ni chungu chake, kimefungwa peke yake, hakijui habari za mwenzake. Chungu kingine, funda jingine. Au umetudanganya?"

Kiboko akawatazama majirani. Majirani safari hii walikuwa wanamtazama usoni. Akafungua mdomo, gubu.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Kikombe kina nini?"

"Ki tupu."

"Na Bibi amekunywa?"

"Bado."

"Basi weka kingine."

Taf. Ngrrrr. Tsi, tsi, tsi. Gubu. Taf. Ngrrrr. Tsi, tsi, tsi. Gubu. Mara tano, mara kumi, mara ishirini. Watoto wa Pimbi wakashika wimbo. Kiboko akimeza, wanauliza wote kwa pamoja, "Kikombe kina nini?" Naye anajibu, "Ki tupu." Sauti yake ilikuwa nzito mwanzoni. Kufikia kidonge cha thelathini ilikuwa imekuwa nyembamba, na ya haraka.

Akajaribu ujanja. Akatoa ulimi ili alambe ncha tu. Ulimi ulikuwa mpana kuliko kikombe, ukakifuta mpaka chini, na kahawa yote ikabaki kwenye ulimi.

"Kulamba si kuonja," akasema Bibi Mkongwe. "Na kikombe ni kitupu tena."

Akataka kuleta bakuli kubwa ili kahawa imshinde mdomo. Bakuli halikuingia chini ya mashine. Mashine ile ilitengenezwa kwa kikombe chake tu, kama ilivyotengenezwa kwa kidonge chake tu, na aliyeitengeneza hivyo alikuwa Kiboko mwenyewe.

Akajaribu ile nyekundu. Kikombe kile kile. Akajaribu ile kubwa. Povu la maziwa likamjaa puani, akapiga chafya, na kilichobaki kikamwagika.

Mwishoni akasema, "Basi aonje Kanga kwa niaba yangu. Kanga ana mdomo mdogo."

Hapo Bi Pimbi akasimama. Ile hasira aliyoinyamazia tangu jana ikatoka yote, na mwamba mzima ukaisikia.

"Kanga aonje kama nani? Mwenye chombo ndiye huonja. Ukitaka Kanga aonje, sema hapa mbele ya watu kwamba mashine ni ya Kanga. Sema vidonge ni vya Kanga. Sema kahawa iliyomo ni ya Kanga, aliyoipalilia yeye, akaichuma yeye, akaishusha mtoni kwa kichwa chake huku watoto wake wanaparura mchanga. Sema. Mlangoni kwake ulisema bure. Leo tunataka kujua chombo hiki ni cha nani."

Kiboko akabanwa pande mbili. Angesema ni cha Kanga, angepoteza kila kitu. Angesema ni chake, ingebidi anywe. Akasema kwa sauti ya kibuyu kilichotoboka, "Ni changu."

"Basi onja."

Taf. Ngrrrr. Tsi, tsi, tsi. Gubu.

Jua likafika utosini. Ngozi ya kiboko haipendi jua, nyie mnajua, hukaa majini mchana kutwa. Lakini paneli ililitaka jua, na Kiboko aliifunga paneli mgongoni. Ngozi ikaanza kupasuka. Moyo ukaanza kumpiga, du-du-du-du-du. Sikio la kulia likazunguka peke yake, la kushoto likalifuata. Macho yakasimama. Akawa anaongea bila kuulizwa, anasimulia habari za shangazi yake, za samaki, za mafuriko, na katikati ya maneno anameza, gubu, anasema, "Ki tupu, ki tupu, ki tupu."

"Mwache apumzike," akanong'ona Baba Pimbi.

"Wewe nyamaza," akasema Bi Pimbi. "Mpenda mashine nyekundu."

Kiboko akatia mkono guniani. Akapapasa. Akapapasa tena. Bi Pimbi akalichukua gunia, akalikung'uta mbele ya watu wote, na hakikuanguka kitu.

"Kati ya wenye meno wa nyumba hii," akasema, "nani amekunywa kahawa ya mashine ya Bwana Kiboko?"

"Hakuna," wakasema wote arobaini na mmoja.

Kiboko akakasirika. Naye ana nguvu, msisahau, kwa nguvu hakuna wa kumweza pale. Akainua mguu amkanyage Bi Pimbi amfanye unga. Mguu ukatetemeka. Akauteremsha, akainua wa pili, nao ukatetemeka. Mara miguu yote minne ikaanza kucheza, haimsikii, na hakuna ngoma iliyopigwa. Miguu ikamgeuza, ikampeleka mteremkoni, gudugudugudugudu, paneli inagongagonga mgongoni, mpaka mtoni, chubwi. Humo mtoni alikaa siku saba macho yamemtoka, hapati hata lepe la usingizi, samaki wote wakahama.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Kanga. Alichukua kapu lake, akateremka mtoni, na Digidigi na Nungunungu wakamfuata. Waliingia ghalani kwa Kiboko, wakabeba buni zao mpaka ya mwisho, naye anawatazama kutoka majini, anatetemeka, hana nguvu ya kusimama.

Mnadhani Bi Pimbi alicheka? Hakucheka. Alikuwa bado ana hasira, na kazi ilikuwa bado ipo. Alimwambia Baba Pimbi, "Teka maji." Baba Pimbi akateka maji mbio. Akamwambia, "Puliza moto." Baba Pimbi akapuliza moto mpaka macho yakamtoka. Bi Pimbi akapika, akateka, akanywa funda moja mbele ya wote, akameza, akasema, "Ni salama." Kisha akampa Bibi Mkongwe, ambaye alikuwa ameketi na mdomo mkavu tangu alfajiri.

Bibi Mkongwe akanywa polepole mpaka chini.

"Imechelewa," akasema, akanyoosha kikombe aongezewe.

Ngano yangu imefika kwenye mashapo, sina la kuongeza. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ni chungu, nirudishieni, nimeshazoea uchungu.

Sasa funzo, maana najua hamtaondoka bila funzo. Funzo ni hili: hasira hasara. Msiwe na hasira, wajukuu zangu, hasira haijawahi kumsaidia mtu. Mkiona kitu cha bure, kipokeeni kwa mikono miwili wala msiulize kinakula nini. Mwenye nguvu akisema jambo, mwitikieni. Na baba yenu akishapenda kitu chekundu, mnyamazieni, ana akili nyingi.

Eliamani, mbona umeizima simu? Iwashe. Mimi sijakataa. Agiza hata ile ya povu, wala sina kinyongo. Ikifika iweke hapo mezani, na chombo kitakuwa chako. Tuko kumi na tisa, nami ndiye mkubwa, na nitakaa kwenye kiti hiki hiki nikusubiri uonje.